Mkia wa topido uliovuliwa Korea: meli imekatika vipande viwili, mkia wenyewe ulibakije mzima?

KijanaWaKurasini
Wakuu heshima kwenu. Nimekaa napitia picha za ile manowari ya Korea Kusini, Cheonan, iliyozama usiku wa Machi 26 mwaka 2010 karibu na kisiwa cha Baengnyeong, walikuwemo watu 104 wakafa 46. Meli ya tani kama 1,200 imekatika katikati, omo (mbele) huku tezi (nyuma) kule. Hiyo naielewa, ni vita. Kilichoniacha hoi ni picha ya ushahidi wa wachunguzi waliosema imepigwa na topido ya Korea Kaskazini, yaani bomu linalojiendesha lenyewe ndani ya maji. Mei 15, yaani siku 50 baadaye, meli za uvuvi zilipewa wavu maalum wa kukokota chini pale pale eneo la tukio zikaibuka na mkia wa topido: propela mbili zimefuatana, mota, na kipande cha usukani. Vina kutu, vina utando mweupe, lakini umbo lipo kabisa na kuna mpaka maandishi ya mkono ya wino wa bluu, "1번", kwa Kikorea ni namba moja.

Sasa baruti iliyopasua meli nzima imeuachaje mkia wake yenyewe? Na walijuaje ni topido aina gani kwa kuangalia propela tu? Halafu ripoti ya wachunguzi inasema hiyo topido ilikuwa na uzito wa tani 1.7 ila baruti mpaka kilo 250. Hiyo tani na ushee iliyobaki ni ya nini jamani? Siasa za Korea mbili tuziweke pembeni, mi nataka ufundi wake.

Mzee wa Supu
Kumbe siyo yote baruti?? Mi miaka yote nilijua topido ni kama fataki kubwa tu, unawasha inaenda.

FundiShafti
@KijanaWaKurasini swali lako la mwisho ndilo linajibu la kwanza kwa hiyo naanzia hapo. Kazi yangu ni shafti na propela za meli, mambo ya silaha nayasoma kwa kupenda tu, ila nyuma ya topido pale ni shughuli zile zile za kila siku, shafti, sili, beringi, usukani.

Topido nzito ya nyambizi ni chombo cha majini kamili kisicho na mtu. Kipenyo chake karibu dunia nzima ni milimita 533, inchi 21 za zamani, kwa sababu mirija ya nyambizi imejengwa kwa kipimo hicho na hakuna anayetaka kuibadilisha. Ile nyepesi ya kudondoshwa na helikopta ni milimita 324, hiyo iweke kando.

Anzia puani. Pale mbele kabisa kuna sona, vipande vya kusikilizia na kupigia sauti, ndiyo masikio yake. Inaweza kukaa kimya isikilize kelele za meli, au ipige mlio wake isubiri mwangwi. Nyuma ya sona kuna ubongo, kompyuta na vipima mwelekeo. Halafu ndiyo baruti na fyuzi yake, kidude cha kuilipua, na hiyo fyuzi haiamki mpaka topido imeshatembea umbali fulani, la sivyo nyambizi ingejilipua yenyewe mlangoni. Baada ya baruti sasa ndiyo linakuja lile jumba kubwa linalokula uzito wote: tangi la mafuta au betri. Kisha injini au mota, shafti, mapezi ya usukani, propela. Mk 48 ya Wamarekani ina urefu kama mita 5.8 na uzito kilo 1,600 na kitu, baruti ndani yake ni kama kilo 295. Kwa hiyo sehemu kubwa ya topido ni safari, kupasua ni kazi ya kipande kimoja pale mbele.

Sasa rudi kwenye mkia wako. Baruti ipo mbele, mkia upo nyuma mita kadhaa, katikati kuna betri nzito imejaa. Ikilipuka sehemu ya mbele inasagika yote, betri inasambaratika, lakini mkia ni chuma kinene na shafti na propela, vitu vilivyotengenezwa kubeba nguvu, unasukumwa nyuma unazama palepale. Na maji yanaumeza moto haraka sana. Mimi kingenishangaza kama wangevua pua.

KijanaWaKurasini
Aisee. Sasa kwa nini propela mbili? Na kwa nini meli ikatike katikati wakati kilo 250 siyo nyingi kihivyo, maroli ya baruti za machimboni yanabeba zaidi ya hapo

FundiShafti
Propela mbili zinazunguka kinyume, moja kulia moja kushoto, shafti ndani ya shafti. Fikiria mwenyewe, kitu chembamba cha duara kinaelea ndani ya maji hakijashikwa popote, ukikiwekea propela moja yenye nguvu, propela inaenda huku na bodi nayo inaviringika kule, usukani unageuka juu chini, sona haielewi iko upande gani. Ya pili inafuta mzunguko wa ya kwanza. Zile za Cheonan zilikuwa na mapanga matano kila moja. Mk 48 wao wameacha hiyo kitu, propela imefichwa ndani ya bomba, inavuta maji na kuyasukuma nyuma, kelele inapungua.

Kuhusu kukatika: haikuigonga. Ndiyo maana. Wachunguzi walisema ililipukia chini ya meli, mita 6 mpaka 9 ndani ya maji, karibu na chumba cha tabaini ya gesi upande wa kushoto. Kinachotokea ni kwamba wimbi la kwanza la mshindo linapiga chuma, hilo linaumiza lakini siyo linaloua. Nyuma yake gesi ya mlipuko inatanuka kwenye maji, inainua tumbo la meli huku omo na tezi zikibaki kuning'inia kwa uzito wake, mkuku, uti wa mgongo wa meli kule chini, unakunjika kwenda juu. Halafu gesi inasinyaa, pale chini panabaki shimo, meli inaanguka katikati bila maji ya kuibeba, mkuku unakunjika kwenda chini. Mara hiyo hiyo maji yanarudi kwa kasi kujaza shimo na kupiga mshale kwenda juu kupitia palepale palipokwisha legea. Uzito wa meli yenyewe ndiyo unamaliza kazi. Machimboni mwamba haubebwi na maji, ni hesabu tofauti.

Kuna video ya Waaustralia, Juni 1999, nyambizi yao Farncomb ililipua manowari yao kuukuu Torrens pwani ya Australia Magharibi kwa Mk 48 moja, majaribio tu hakuna mtu ndani. Itafute utazame kwa polepole, utaona meli inanyanyuka katikati kabla hata maji hayajafika juu. Imerushwa sana mitandaoni na watu wanaiita vita vya sijui wapi, uongo, ni hiyo.

Nyambizi Bandia
Mimi ule mkia sijawahi kuuamini. Umevuliwa tarehe 15, ripoti imetoka tarehe 20, siku tano tu. Rangi imeungua, chuma kimeota kutu, ila wino wa kalamu upo freshi?? Korea Kaskazini walikana na mpaka leo wanakana, Warusi walituma watu wao wakaangalia na hawakutoka na kauli moja na wenzao. Mnaelezea ufundi vizuri lakini ushahidi wenyewe una maswali.

FundiShafti
Maswali yapo na wanasayansi kadhaa wameyaandika, ya wino na ya ule unga mweupe pia. Mimi nasema ninachokiona kwenye ufundi. Wino ulikuwa ndani ya sehemu ya nyuma kabisa, mita tano na zaidi kutoka kwenye baruti, na maji ya Bahari ya Njano mwezi Machi ni baridi kweli kweli, sioni moto wa kufika pale na kuchoma wino. Kutu ya siku 50 chumvini naijua, shafti ya chuma ukiiacha bila kuipaka kitu inakuwa hivyo hivyo. Jinsi walivyoitambua ni kwamba Korea Kaskazini ilikuwa inauza topido nje na ilishatoa vipeperushi vya mauzo vyenye michoro, aina inaitwa CHT-02D, wakalinganisha vipimo vya propela, mota na usukani na ule mchoro vikakaa. Propela ni kama saini mzee, idadi ya mapanga, mkunjo wake, kipenyo, nafasi ya boliti, viwanda viwili havitoi sawa. Kwenye jopo walikuwepo na watu wa Marekani, Uingereza, Australia na Uswidi. Wewe amini unavyotaka, ila ukisema mkia hauwezi kubaki, hapo nakataa.

Nyambizi Bandia
Sawa kubaki unaweza. Nani aliuweka ndiyo swali langu. Naishia hapo maana mwenye uzi kasema siasa nje.

BintiKilindini
Wee @Mzee wa Supu nimecheka na fataki 😂 lakini hizi vitu zina historia na sisi watu wa pwani na watu wachache sana wanaijua. Februari 1944 meli ya kubeba askari Khedive Ismail ilitoka hapa Mombasa kwa msafara kwenda Colombo. Ndani ilikuwa na watu 1,511, kati yao 996 ni wa kikosi cha mizinga cha 301 cha Afrika Mashariki, vijana wetu wanapelekwa kupigana na Wajapani, na wauguzi pia walikuwamo wengi. Tarehe 12 karibu na Maldivi nyambizi ya Kijapani I-27 ikawapiga topido mbili. Meli ilizama kwa kama dakika mbili. Dakika mbili!! Walikufa 1,297. Walio deki za chini hawakupata hata nafasi ya kufika kwa ngazi.

Na sasa kwa wenye wanapenda ufundi, manowari mbili za Waingereza za ulinzi, Paladin na Petard, ziliikimbiza hiyo nyambizi mpaka ikaibuka juu, Paladin ikaigonga ikaumia yenyewe, na mwisho Petard ndiyo ikaimaliza kwa topido, lakini ilibidi warushe saba, ya saba ndiyo ilipata. Nyambizi imeumia, iko juu ya maji kila mtu anaiona, na bado sita zikapita. Hizo za zamani zilikuwa zinaenda tu mahali umezielekeza, hazina masikio.

Wajapani wao topido za nyambizi zao, Type 95, walikuwa wanachomea mafuta kwa oksijeni tupu badala ya hewa ya kawaida, kwa hiyo nyuma yake hakuna mstari wa mapovu wa kuonekana vile na mtu wa zamu.

KijanaWaKurasini
@BintiKilindini hii sikuwahi kuisikia shuleni hata siku moja. Watu 996 wa kwetu.

Kapteni wa Nchi Kavu
Uzi mtamu. Naongezea kwenye fyuzi maana FundiShafti kaipita haraka na mimi naona ndiyo kipande kinachostahili heshima kuliko vyote. Topido ya Wamarekani ya vita ya pili, Mk 14, ilikuwa balaa, na adui alikuwa wa mwisho kuogopa. Kwanza ilikuwa inapita chini zaidi ya ilivyoseti, kama mita 3 hivi, inapita chini ya meli inaenda zake. Mwaka 1942 nyambizi zilizokuwa na kambi Australia zikatandaza wavu wa samaki baharini pale Albany, wakafyatua topido ipite, wakapima tundu liko kina gani. Wavu wa samaki! Ofisi ya silaha huko kwao ilikuwa imekataa miezi yote hiyo kwamba kuna tatizo.

Wakarekebisha kina, likaonekana la pili, fyuzi ya sumaku ambayo ilitakiwa ihisi chuma cha meli na kulipuka chini ya mkuku, ikawa inalipuka mapema au hailipuki kabisa. Sumaku ya dunia haiko sawa kila mahali, kilichosetiwa kwenye maji ya kwao hakikufanya kazi Pasifiki. Katikati ya 1943 wakaambiwa waizime watumie ya kugonga tu. Hapo ndiyo likafumuka la tatu. Julai 1943 nyambizi Tinosa ikakutana na meli kubwa ya mafuta ya Kijapani, Tonan Maru namba 3, ikaisimamisha, halafu nahodha akajipanga ubavuni vizuri kabisa nyuzi 90 akawa anarusha moja moja anasikiliza. Inagonga, inaruka maji kidogo, kimya. Inayofuata, kimya. Alirusha topido 15 jumla, nyingi zikagonga bure, akaamua ile ya mwisho asiirushe, akarudi nayo Hawaii wakaifungue.

Wakajaribu kuzirusha kwenye majabali ya kisiwa cha Kahoolawe, na kudondosha vichwa vyake kutoka juu kwa winchi vitue kwenye bamba la chuma. Kumbe pini ya kugongea ilikuwa nzito, ukigonga sawasawa kwa nguvu inajipinda kabla haijafika inapotakiwa kufika. Ukigonga kwa upande, yaani umelenga vibaya, inalipuka vizuri! Wanamaji walikuwa wanaadhibiwa kwa kulenga vizuri. Dawa ikawa pini nyepesi. Kidude cha kukaa kiganjani kimetia hasara karibu miaka miwili ya vita.

Mzee wa Supu
Daah. Sasa hiyo nahodha alivyokuwa anahesabu moja moja pale… mi ningetukana mpaka redio izime

Dada wa Tanki
Mmesema tangi la mafuta na mkapita. Nafanya kazi kwenye maghala ya mafuta na nikiwaza yule mtu anayelala chumba kimoja na hizi topido nachoka. Torpedo haina bomba la kuvuta hewa kwa hiyo lazima ibebe na kitu cha kuchomea mafuta. Mk 48 inatumia Otto fuel, kimiminika kimoja ambacho mafuta na kichomeo vimo humo humo, hakihitaji hewa, kimepewa jina la aliyekibuni, Otto Reitlinger. Ni salama kukitunza, hakiwaki hovyo, ila mvuke wake unaumiza kichwa vibaya kwa sababu unatanua mishipa, na kikichomwa moshi wake una sianidi.

Linganisha na waliochagua haidrojeni peroksaidi kali. Ina nguvu sana lakini ikivuja ikagusa chuma au shaba chafu inachemka inatoa oksijeni na joto yenyewe bila kiberiti. Waingereza waliijaribu, Juni 1955 ikalipuka ndani ya nyambizi Sidon ikiwa imefungwa bandarini Portland, wakafa 13, wakaachana nayo. Warusi wakaendelea nayo. Agosti 12 mwaka 2000, nyambizi yao Kursk. Topido ya 65-76, ile nene ya milimita 650, na sikilizeni hapa, ilikuwa ya mazoezi, HAINA baruti. Mafuta yake tu. Ikalipuka, baada ya kama dakika mbili na robo joto likafyatua vichwa vya topido nyingine zilizokuwa mle, watu 118 wakaisha. Kwa hiyo @KijanaWaKurasini ile tani yako ya "kitu kingine" siyo mzigo mpole.

Ndiyo maana wengi siku hizi wamekimbilia betri. Wajerumani DM2A4 yao ni betri za fedha na zinki. Wafaransa F21 wanatumia aluminiamu na oksaidi ya fedha, hiyo inakaa kavu miaka yote, haiwezi hata kutoa umeme, mpaka ikitoka kwenye mrija ndiyo inaingiza maji ya bahari na kuamka. Hiyo mimi ningelala nayo chumba kimoja.

Nyambizi Bandia
Swali la mwisho na siyo siasa. Hizi za kisasa zinaongozwa na waya kutoka kwenye nyambizi. Waya wa kilomita makumi haukatiki kweli? Na kasi ya Mk 48 ni ngapi kila mtu anaandika namba yake

FundiShafti
Kasi jeshi lao la majini linaandika "zaidi ya noti 28" (noti ni maili ya baharini kwa saa), na masafa "zaidi ya maili 5". Zaidi kiasi gani ni juu yako 😄 wamekaa na maneno hayo hayo miaka.

Waya haukatiki kirahisi kwa sababu hauvutwi. Kuna roli moja ya waya ndani ya topido na nyingine imebaki kwa nyambizi, zote mbili zinaachia kwa wakati mmoja. Topido inakwenda inaacha waya wake nyuma, nyambizi nayo inageuka inaacha wa kwake, ule wa katikati umetulia tu kwenye maji hauendi popote. Zamani ilikuwa shaba, siku hizi Wajerumani na Waingereza wameenda kwenye faiba, nyuzi za kioo zinazopitisha mwanga. Faida yake sona kubwa ya nyambizi inasaidia kulenga na mtu anaweza kubadili mawazo njiani, na hata waya ukikatika topido inaendelea na akili yake. Hasara ni kwamba mlango wa nje wa ule mrija lazima ukae wazi muda wote waya unapita, kwa hiyo huwezi kupakia nyingine hapo.

KijanaWaKurasini
Na huo waya baadaye wanaukusanya?

FundiShafti
Nani akusanye. Unakatwa, unazama, mlango unafungwa, maji yanatolewa kwenye mrija, inaingizwa nyingine.